DAKTARI KWENYE SIMU: NANI ATALIPA?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sekondari huko Bwejuu, Mkoa wa Kusini Unguja. Tumeyaweka karibu kama yalivyosemwa. Mwishoni tumeongeza baadhi ya maswali ya wanafunzi na majibu yake.



Najua wengi wenu mkisikia "mtu wa afya amekuja" mnajua mada ni moja kati ya tatu: mimba, ukimwi au madawa ya kulevya. Leo sivyo. Leo tutazungumza juu ya pesa, pesa za matibabu na simu zenu za mkononi.

Swali langu ni hili. Mtu akizungumza na daktari kwa simu, akaulizwa anavyojisikia, akapewa ushauri na akaandikiwa dawa, je, ametibiwa au hajatibiwa? Wengi mtasema ametibiwa. Haya, swali la pili: nani amlipe yule daktari? Hapo ndipo watu hunyamaza. Na hapo ndipo mazungumzo yetu yanapoanza.

NJIA NAYO NI GHARAMA

Zanzibar ilitangaza matibabu bure mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi. Wazee wetu wanajivunia jambo hilo, na wana haki. Lakini kila mtu wa Bwejuu anajua kwamba hata pale daktari alipokuwa bure, njia haikuwa bure.

Kituo cha afya cha karibu husaidia kwa mambo mengi. Ukiambiwa unahitaji zaidi ya hapo, kuna Makunduchi, na sasa kuna hospitali ya Wilaya ya Kusini pale Kitogani. Ukiambiwa unahitaji daktari bingwa, basi ni mjini, Lumumba au Mnazi Mmoja. Unapanda gari ya 324 alfajiri, unapita Paje, Kitogani, Jozani, Tunguu, unafika mjini, unakaa foleni. Mara nyingine daktari anakutazama dakika tano, anakuuliza "dawa unakunywa?", unajibu "nakunywa", anakwambia "endelea nazo, rudi baada ya mwezi". Basi. Unarudi nyumbani magharibi.

Sasa hesabu. Kuna nauli ya kwenda na kurudi. Mgonjwa akiwa mzee basi nauli ni ya watu wawili, kwa sababu hawezi kwenda peke yake. Kuna chakula cha mchana. Halafu kuna siku yenyewe. Mama anayelima mwani hafanyi kazi siku yoyote anayotaka, anafuata maji. Bamvua likija, bahari inapwa sana, ndipo anapoingia kufunga na kuvuna. Likipita bamvua yeye akiwa mjini kwenye foleni, anasubiri la pili. Hiyo siku aliyoipoteza haiandikwi kwenye risiti ya hospitali, lakini nyumbani inaonekana kwenye sufuria.

Matokeo yake mnayajua. Watu wanaacha kwenda. Mwenye presha anaona hana maumivu, anasema nitakwenda mwezi ujao. Mwenye sukari anapunguza vidonge ili vifike mbali. Siku wanayokwenda hospitali, wanakwenda wamebebwa.

TIBA MTANDAO SI KITU KIPYA

Kumhudumia mgonjwa aliye mbali kwa kutumia simu, picha au kompyuta kunaitwa tiba mtandao. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la zamani.

Mwaka 1957 kule Nairobi lilianzishwa shirika la madaktari wa ndege, ambalo leo tunalijua kwa jina la AMREF. Mbali na ndege, walijenga mtandao wa redio za upepo uliounganisha hospitali za misheni na vituo vya mbali Afrika Mashariki. Muuguzi aliyekuwa peke yake porini aliita kwa redio, akaeleza hali ya mgonjwa, akaelekezwa la kufanya. Ile ilikuwa tiba mtandao kabla ya mtandao.

Na sisi hapa Zanzibar hatuko nyuma. Tangu mwaka 2008 vituo vya afya vimekuwa vikitumia simu za mkononi kutoa taarifa za wagonjwa wa malaria, ili wizara ijue mapema mlipuko unaanzia wapi. Kuanzia 2012 mfumo huo ukaboreshwa. Mgonjwa mmoja akigunduliwa, ofisa wa malaria wa wilaya anapata ujumbe, anafuata mpaka nyumbani kwa mgonjwa na kuwapima wengine wa nyumba ile. Hiyo ni moja ya sababu za malaria kubakia chini visiwani.

Kisha ukaja mpango wa Jamii ni Afya wa Wizara ya Afya ukishirikiana na shirika la D-tree. Wale wahudumu wa afya wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, wakiuliza habari za wajawazito na watoto wadogo, ni wa mpango huo. Umefika wilaya zote 11 za Unguja na Pemba. Bila shaka wamo humu ambao mama zao au shangazi zao ni wahudumu hao.

Na kuna m-mama. Ulianza kama mpango mdogo kule Sengerema, Mwanza, mwaka 2013, na mwaka 2022 ukaanza kupelekwa nchi nzima. Mama mjamzito akipata dharura, mtu anapiga 115 bila ya malipo. Anayepokea anauliza dalili, kisha anatafuta gari ya wagonjwa. Isipopatikana, anaitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa, na dereva yule analipwa kupitia simu yake. Angalieni hapo: wale waliobuni mpango hawakuishia kwenye kupokea simu tu. Walijiuliza na dereva atalipwa na nani, kwa njia gani, saa ngapi. Bila ya jibu hilo, simu ingelia na gari isingekuja.

BIMA NI NINI KHASA?

Nyote mnaujua upatu. Watu kumi wanakubaliana kila mmoja atoe shilingi elfu kumi kwa wiki. Wiki hii anachukua Bi Fulani, wiki ijayo anachukua mwengine, mpaka zamu zinakwisha. Kila mtu anapata alichotoa, hakuna zaidi.

Bima ya afya inafanana na upatu kwa kuchangia, lakini haifanani kwa kuchukua. Hakuna zamu. Anachukua anayeugua. Ukikaa mwaka mzima mzima wa afya, pesa yako imemtibu mwenzako. Ukivunjika mguu mwakani, wenzako watakutibu wewe. Ndiyo maana bima inakuwa na nguvu watu wakiwa wengi, na inakufa ikiwa wanaojiunga ni wagonjwa tu.

Zanzibar ilitunga sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya mwaka 2023. Mfuko huo, ZHSF kwa kifupi, ulianza na wafanyakazi wa serikali, na lengo lake ni kuwafikia watu wote hatua kwa hatua. Mwaka huohuo Bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote kwa upande wa Tanzania Bara. Bara walikuwa na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya tangu sheria ya mwaka 1999, nao pia ulianza na watumishi wa serikali. Kenya nao, Oktoba 2024, waliacha mfuko wao wa zamani wa mwaka 1966 na kuanza mamlaka mpya ya SHA.

Hata mgeni anayekuja kuogelea hapa Bwejuu, tangu Oktoba 2024 analazimika kukata bima ya Zanzibar ya dola 44 kabla ya kuingia. Kwa hiyo watu wawili wakikutana pale ufukweni, mtalii na mama wa mwani, inawezekana kabisa kwamba mwenye bima ni yule atakayekaa wiki moja.

Sasa kuna neno moja muhimu nataka mlishike: kitita cha mafao. Ni ile orodha ya huduma ambazo mfuko umekubali kuzilipia. Kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, kujifungua, upasuaji na kadhalika. Kilichomo kwenye kitita, mfuko unalipa. Kisichomo, unalipa mwenyewe hata ukiwa na kadi mfukoni.

Hapa ndipo lilipo suala la leo. Ikiwa kitita kinasema "kumwona daktari" na maana yake ni kuingia chumbani kwake, basi simu haimo. Hospitali ikimpigia mama wa Bwejuu kumuuliza presha yake, haipati kitu. Ikimwita mjini kwa dakika tano zilezile, inalipwa. Je, mkubwa wa hospitali atachagua lipi? Hawi mtu mbaya. Anafuata mlango ulio wazi. Bima inayolipa miguu tu itawatembeza watu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bibi mwenye presha anatakiwa aonwe mara sita kwa mwaka. Tuseme mara mbili lazima aende mwenyewe, apimwe damu na achunguzwe vizuri. Zile mara nne zilizobaki, mhudumu wa jamii anaweza kumpima presha nyumbani, akaziingiza nambari kwenye simu, na daktari akazungumza naye. Safari nne zimeondoka, na nauli za watu wawili mara nne. Foleni ya hospitali nayo imepungua, na yule ambaye kweli lazima aonwe ana kwa ana anaonwa mapema.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Rwanda ni somo kubwa, kwa uzuri na kwa ubaya. Wanyarwanda wengi wana bima ya jamii inayoitwa Mutuelle de Santé. Mwaka 2016 kampuni ya Uingereza iitwayo Babylon ilifungua huduma yake Kigali, ikaiita Babyl. Haikuhitaji simu janja. Mtu mwenye simu ya kitochi alibonyeza nambari fupi, akapigiwa na muuguzi, na ikihitajika akaunganishwa na daktari. Akiandikiwa dawa au kipimo, alitumiwa ujumbe wenye namba ya siri, akaenda nao duka la dawa au kituo cha afya. Zaidi ya watu milioni mbili walijiandikisha. Mwaka 2020 serikali ilitia saini mkataba wa miaka 10 na kampuni hiyo, na bima ya jamii ikawa inalipia.

Mpaka hapo ni habari njema: nchi ya Afrika Mashariki, watu wa vijijini, simu ya kitochi na bima ya umma inalipa. Lakini mwaka 2023 kampuni mama ilifilisika kule Uingereza na Marekani, na huduma ya Rwanda nayo ikafungwa. Mkataba wa miaka 10 haukumaliza hata minne. Wagonjwa walirudi kwenye foleni. Kosa halikuwa kwa mgonjwa wala kwa muuguzi aliyepokea simu. Funzo ni kwamba huduma ya umma ikiegemea nguzo moja, na nguzo yenyewe iko nchi nyingine, ikianguka hamna la kushika.

Marekani nako kuna funzo. Kabla ya 2020, bima yao ya wazee, Medicare, ililipia tiba ya mbali kwa masharti mengi. Kwa kawaida ilikuwa lazima mgonjwa awe anaishi shamba, tena aende kwanza kwenye kituo cha afya ndipo aunganishwe na daktari. Ilipokuja korona, Machi 2020, masharti yakalegezwa na wazee wakazungumza na madaktari wakiwa majumbani mwao. Lakini ruhusa ile ilikuwa ya muda, ikawa inaongezwa kidogo kidogo, mpaka Oktoba 2025 ikakatika kwa wiki kadhaa kwa sababu wanasiasa walishindwa kuelewana juu ya bajeti. Kwa hiyo hata matajiri bado wanabishana juu ya jambo hilihili tunalolizungumza chini ya bati la skuli yenu.

KWA NINI MIFUKO INASITA?

Tuwe waadilifu, tuwasikilize na wanaoshika mfuko. Wana hofu tatu, na zote zina maana.

Ya kwanza, wingi. Kupiga simu ni rahisi. Kila mwenye mafua akipiga, mfuko utaisha kabla ya mwezi.

Ya pili, udanganyifu. Aliyekwenda hospitali ameonekana na watu. Aliyepigiwa simu nani alimwona? Mtu mwenye tamaa anaweza kudai malipo ya simu mia moja ambazo hazikupigwa.

Ya tatu, ubora. Kuna mambo hayatibiki kwa simu, na nataka myaandike. Homa inahitaji kipimo cha damu. Usikubali kuambiwa una malaria kwa kusikilizwa sauti tu. Mtoto aliyepata degedege, anayepumua kwa shida au asiyenyonya, ni hospitali. Mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana au kuona kiwi, ni hospitali, na simu ya kupiga ni 115. Mfupa uliovunjika hauungwi kwa maneno.

Hofu hizi zina dawa. Mfuko unaweza kuanza na mambo machache: kufuatilia presha, sukari na pumu, kupewa majibu ya vipimo, ushauri nasaha, na daktari wa kituo kumuuliza bingwa. Unaweza kuweka idadi ya simu kwa mwaka. Unaweza kumtumia mgonjwa ujumbe: "Umehudumiwa leo na kituo fulani? Jibu ndiyo au hapana." Kama hakuhudumiwa, udanganyifu unaonekana palepale.

SIRI YAKO

Nasema sasa na nyinyi vijana, khasa wasichana. Mtu hutoka chumba cha daktari, mlango ukafungwa. Simu haina mlango. Na wengi wenu simu mnayotumia ni ya mama, ya kaka, au ya nyumba nzima. Ukipiga kuuliza juu ya ugonjwa wa zinaa, au kuhusu msongo wa mawazo unaokukosesha usingizi, halafu mfuko ukatuma ujumbe "umehudumiwa kwa jambo kadha", ujumbe ule atausoma nani?

Wakubwa wakikaa kupanga, jambo hili husahaulika, kwa sababu kila mmoja wao ana simu yake mfukoni. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na taarifa za afya ni katika zile zinazohitaji kulindwa zaidi. Lakini sheria haiwezi kuificha meseji iliyo wazi kwenye kioo cha simu. Ujumbe wa mfuko usitaje ugonjwa. Useme tu umehudumiwa, tarehe na kituo. Na kijana awe na njia ya kuzungumza kutoka chumba cha kituo cha afya, kwa simu ya kituo, mlango ukiwa umefungwa.

NANI ATAACHWA NYUMA?

Kuna utafiti uliofanyika hapahapa Unguja mwaka 2009 na 2010, ukaitwa "Wired Mothers". Vituo vya afya 24 vya wilaya sita viliingia, na wajawazito 2,550. Nusu ya vituo, akina mama walipata ujumbe wa simu na vocha ya kumpigia mhudumu wa afya wakiwa na shida. Nusu nyingine waliendelea kama kawaida. Waliopata huduma ya simu, asilimia 60 walijifungua wakisaidiwa na mtaalamu. Wale wengine walikuwa asilimia 47. Tofauti hiyo si ndogo.

Lakini watafiti walipoangalia vizuri wakaona kitu. Faida kubwa ilikuwa kwa wanawake wa mjini. Kwa wa shamba, tofauti haikuonekana wazi. Simu ile ile na ujumbe ule ule, lakini yule wa shamba akishaambiwa "njoo kituoni" bado ana barabara mbele yake, na mtandao unaokatika, na umeme wa kuchajia simu.

Kwa hiyo mtu akija hapa akasema "tumewaletea daktari wa simu, hospitali ya nini tena?", mkataeni kwa adabu. Simu haichukui nafasi ya kituo cha afya. Simu inakipunguzia kituo mzigo ili kifanye kazi ambayo simu haiwezi. Bima ilipe vyote viwili.

TUTAKE NINI?

Nafupisha. Mfuko wa umma ukitaka kulipia tiba mtandao, sisi watu wa shamba tuulize mambo matano.

Moja, je, inafanya kazi kwa simu ya kitochi, kwa Kiswahili, bila ya bando?

Mbili, je, kupiga ni bure? Kama mgonjwa lazima anunue vocha, basi gharama imehamishwa tu kutoka kwenye gari kwenda kwenye simu.

Tatu, je, mhudumu wa jamii naye analipwa? Yeye ndiye mkono wa daktari huku. Kazi ya daktari ikilipwa na kazi yake ikaitwa thawabu, siku moja atachoka.

Nne, je, siri imelindwa, hata kwa asiye na simu yake?

Tano, je, kampuni ikifilisika, taarifa zetu na huduma yetu vinabakia kwetu? Tukumbuke Rwanda.

Mtasema, sisi wanafunzi, nani atatusikiliza? Mnaweza kuanza nyumbani. Mwenye kadi ya bima ndani ya nyumba, msomeeni kitita chake. Wazee wengi wana kadi wasiyoijua. Tafuteni kama simu imo. Nambari ya 115 iandikeni mlangoni. Sheha akiita mkutano na maofisa wa mfuko wakaja, kakaeni mbele, na mmoja wenu asimame aulize lile swali la kwanza. Mkiuliza mara tatu katika mikutano mitatu, litaandikwa.

MASWALI YA WANAFUNZI

Swali: Dada, babu yangu anasema matibabu ni bure tangu 1965. Kwa nini sasa tuchangie?

Jibu: Babu anasema kweli, na swali lake ni la haki. Lakini mwulize mara ngapi aliambiwa "dawa hakuna, kanunue nje". Bure isiyo na dawa ililipwa na mgonjwa mwenyewe, tena siku ambayo hana kitu. Mchango ni kujaribu kulipa kabla, kila mtu kidogo. Na kwa asiyeweza kabisa, serikali ina wajibu wa kumchangia. Hapo msilegee, ulizeni kila mara: masikini kaandikwa?

Swali: Daktari wa simu anaweza kunipa dawa yoyote?

Jibu: Hapana, na usimtake. Dawa za kuua bakteria zikitumiwa ovyo zinapoteza nguvu kwetu sote. Daktari mzuri wa simu mara nyengine atakwambia "wewe njoo kituoni". Huyo hajakukatalia, amekuhudumia.

Swali: Mimi bado nasoma, sina kazi. Bima yangu itakuwaje?

Jibu: Kwa kawaida mtoto huingia kwenye kadi ya mzazi. Lakini mifuko huwa na kikomo cha umri na cha idadi ya watoto. Mwulize mzazi wako leo kama jina lako limo, kabla hujaugua. Na kama mzazi hana kadi, hilo ndilo swali la kumpelekea sheha.

Swali: Kama simu ni ya mama na yeye ndiye anayesoma meseji, nifanye nini?

Jibu: Nenda kituo cha afya uombe kuzungumza faragha. Una haki hiyo. Na kama kuna mtu mzima unayemwamini, shangazi, mwalimu, dada mkubwa, mwambie. Mama pia huenda akawa msaada kuliko unavyodhani, lakini uamuzi wa kumwambia uwe wako, usifanywe na meseji.

Maji yanapwa na najua wengine mnasubiriwa pwani. Nendeni, lakini lile swali la 115 mlangoni nitaliuliza nikirudi.